Dire Straits kutoka kaseti hadi simu: mbona albamu niliyoipenda zaidi ndiyo iliyonichosha?

MwanaKiboriloni ameandika:

Habari za jioni, wakuu. Naleta hoja ya muziki, na naomba waliokuwa na redio kaseti miaka ya themanini wanisome hadi mwisho, kwa kuwa huenda wao tu ndio watakaoona kwamba ni hoja.

Mwezi uliopita nilikuwa na safari ya kikazi kwenda Tanga, na kwa kuwa nilikuwa naendesha mwenyewe, nikaamua kufanya jambo nililoliahirisha kwa miaka mingi: kusikiliza albamu zote sita za studio za Dire Straits, bendi ya roki ya Uingereza, kwa mfuatano wa kutoka kwake, bila kuruka wimbo hata mmoja. Moshi hadi Tanga ni takriban kilometa 350, na albamu hizo zote kwa pamoja hazifiki saa tano, kwa hiyo hesabu ilikubali hata baada ya kutoa muda wa kula Mombo na ule wa kutambaa kwa mwendo wa 50 katika kila kijiji chenye kibao.

Bendi hii niliipenda kupita kiasi nilipokuwa sekondari hapa Moshi, kati ya 1986 na 1989. Baba yangu mdogo, ambaye alikuwa amepigana vita vya Kagera na kurudi akiwa mtu wa maneno machache, alinipa kaseti ya dakika 60 isiyo na jalada, iliyoandikwa ubavuni kwa kalamu ya wino «DAYA STRETI». Ilikuwa na albamu yao ya 1985, Brothers in Arms, na niliisikiliza mpaka utepe ukaanza kulia kama panya. Nyingine niliziazima baadaye kwa kijana mmoja wa jirani ambaye kaka yake alikuwa akienda Nairobi. Kwa hiyo nilipowasha gari sikuwa mgeni wa nyimbo hizi. Nilikuwa narudi kwangu.

Albamu ya kwanza, ya 1978, ilinifikisha mbele kidogo ya Mwanga, na sina la kulalamikia. Sultans of Swing bado ni wimbo ambao mtu anaweza kuusikia mara elfu na bado akaona jinsi gitaa la solo linavyomjibu mwimbaji kila anapomaliza mstari, bila kumkatiza na bila kumsubiri sana. Nadhani ndiyo sababu sisi tuliolelewa na muziki wa dansi hatukuhitaji kufundishwa kuipenda bendi hii. Mark Knopfler, mwimbaji na mpiga gitaa wao, hucharaza kwa vidole vitupu, gitaa lake halikwaruzi wala halipigi kelele, na mtu aliyezoea Mlimani Park, bendi iliyoundwa mwaka huohuo wa 1978, anaukuta mlango uko wazi. Ya pili, Communiqué ya 1979, ilinipeleka hadi Same na ndiyo iliyonishangaza. Nikiwa kijana niliidharau kwa sababu niliiona kama chai iliyoongezwa maji, yaani ile ya kwanza iliyorudiwa. Safari hii, huku milima ya Upare ikiwa kushoto kwangu na jua halijawa kali, niliisikia kama kazi ya watu ambao hawana haraka na hawana wa kumshawishi. Niliirudia wakati wa kurudi.

Making Movies ya 1980 ina mwanzo ambao hakuna albamu yao nyingine inayoufikia, na ina wimbo wa mwisho ambao ningeuacha palepale Hedaru. Love over Gold ya 1982 ina nyimbo tano tu, na si albamu ya kusikilizwa garini: katika Private Investigations walinong'ona mpaka nikapandisha sauti nisikie, kisha gitaa likafyatuka ghafla, na mke wangu, aliyekuwa amesinzia, akaamka akiuliza tumegonga nini.

Kisha, baada ya chakula cha Mombo, ikaja Brothers in Arms. Wakuu, sikuiweza. Nyimbo tatu za kwanza zilinichosha kama mtu anayekusimulia kichekesho alichokusimulia jana. Kila kitu kinang'aa, ngoma zinagonga kama mlango wa bati, vinanda vimejaa kila pembe. Zaidi ya hayo kulikuwa na jambo la ajabu: wimbo wa tano, Why Worry, ambao naujua kama ninavyoujua mlango wa nyumba yetu, ulipofika mahali ninapokumbuka unamalizikia haukumalizika. Gitaa likaendelea peke yake, taratibu, kwa karibu dakika tatu ambazo sijawahi kuzisikia maishani. Nilikuwa nakaribia Korogwe, nikadhani simu imeingia wimbo mwingine.

On Every Street ya 1991 ilinifikisha Tanga, na kusema kweli sikumbuki mengi zaidi ya malori ya mkonge.

Naomba msaada katika mambo mawili. La kwanza, hizo dakika tatu zimetoka wapi? Je, siku hizi wanaongezea nyimbo za zamani? La pili, kuna mwenzangu aliyewahi kurudia kazi yote ya bendi aliyoipenda, akakuta ile aliyoiapia ndiyo iliyopungua, na ile aliyoidharau ndiyo iliyosimama? Mlielewa vipi jambo hilo?

FundiWaPasua amejibu:

Ndugu MwanaKiboriloni, salaam. Mimi nimetengeneza redio hapa Moshi tangu zama za transista, kwa hiyo nitajibu swali la kwanza, la pili nitawaachia wenye mapenzi.

Hakuna aliyeongeza kitu. Kilichotokea ni kwamba albamu ile ilitoka mwaka 1985 ikiwa na urefu wa namna mbili. Sahani ya santuri haina nafasi isiyo na mwisho: kadiri unavyoingiza dakika nyingi upande mmoja, ndivyo mifereji inavyobanwa, na sauti inapungua nguvu. Kwa hiyo nyimbo kadhaa zilifupishwa kwa ajili ya santuri, na kazi nzima ikawa dakika 47 hivi, ilhali kaseti halisi za kiwandani na CD zilipewa nyimbo kamili, dakika 55. Why Worry kwenye CD inazidi dakika nane, kwenye santuri inazidi kidogo tu dakika tano. Hizo ndizo dakika tatu zako. Simu yako inakupa toleo la CD, ambalo kusema kweli ndilo walilolikusudia, kwa sababu albamu ile ilirekodiwa kwa mashine ya kidijitali katika kisiwa cha Montserrat na ililengwa kwa wanunuzi wa CD tangu mwanzo. Ndiyo albamu ya kwanza kuuza CD milioni moja.

Sasa hapa pana jambo la kuchunguza. Kaseti ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande. Nyimbo tano za kwanza katika toleo la CD zinafika karibu dakika 33, kwa hiyo aliyekurekodia angechukua kutoka CD au kaseti halisi, wimbo wako wa tano ungekatwa katikati utepe ulipoishia. Wewe unasema unaukumbuka ukimalizika vizuri. Maana yake baba yako mdogo, au fundi wa stendi aliyemrekodia, alichukua kutoka santuri, ambayo upande wa kwanza ni dakika 25 na ushee, na mwishoni mwa utepe ulibaki muda wa karibu dakika nne na nusu. Kama kaseti bado ipo, itafute utazame.

Kuhusu kuchoka, nina neno moja la kifundi. Wewe hukuwahi kuisikia albamu ile. Uliisikia kupitia kichwa cha redio chenye uchafu, utepe uliorekodiwa juu ya utepe, spika moja ya inchi nne yenye karatasi iliyopasuka, na mota ambayo huenda ilizunguka polepole au haraka kuliko ile sentimeta 4.76 kwa sekunde inayotakiwa. Vingi vya vitu hivyo hukata sauti nyembamba za juu. Ule mng'ao unaokuchosha leo ulikuwepo tangu 1985, ila redio yako ilikuwa ikikuchujia bila malipo. Albamu za mwanzo zilirekodiwa kwa njia ya kawaida ya utepe wa analogi, kwa hiyo hazikuwa na mng'ao mwingi wa kuchujwa, na ndiyo maana hazikubadilika sana masikioni mwako. Fanya jaribio: punguza trebo, yaani sauti za juu, kwenye redio ya gari, sikiliza tena.

MwalimuWaSakina amejibu:

Fundi ameeleza vizuri, lakini naomba kutokubaliana naye kwa upole katika hilo la mwisho, kwa kuwa si kila uchovu hutibiwa kwa kupunguza trebo.

Mimi nafundisha Kiingereza hapa Arusha, na nilianza kuzisikia nyimbo hizi kupitia kaka zangu nikiwa mtoto nisiyejua neno hata moja la lugha ile. Kwa muda mrefu Money for Nothing, wimbo wa pili wa Brothers in Arms, kwangu ilikuwa gitaa tu, na gitaa lile lilitosha. Nilipokuja kuelewa maneno nikakuta kwamba anayesema ni mfanyakazi wa duka la vyombo vya umeme, mtu wa kubeba majokofu, ambaye anawatazama wanamuziki kwenye runinga za dukani na kuwasimanga kwamba wanapata fedha bila jasho. Knopfler alimsikia mtu wa namna hiyo dukani huko New York na akayaandika maneno yake. Ni kejeli, na ni kejeli kali zaidi ukikumbuka kwamba wimbo huohuo ndio uliofungua MTV ya Ulaya, kituo cha televisheni cha video za muziki, tarehe 1 Agosti 1987. Lakini sisi Tanzania Bara hatukuwa na kituo chetu cha televisheni hadi 1994. Wimbo unaocheka umaarufu wa video ulitufikia bila video, katika redio inayotumia betri nne, na ndani yake kuna tusi kwa mashoga ambalo kaka zangu walikuwa wakiliimba kwa sauti kubwa uani bila kujua wanasema nini. Sishangai kwamba wimbo uliojengwa juu ya kichekesho kimoja unachosha ukiujua kichekesho chenyewe.

Ndugu yangu, wewe umezipita haraka mno dakika 41 za Love over Gold kwa sababu ya kumwamsha shemeji yetu. Naomba urudi kwenye Telegraph Road, dakika 14 na zaidi kidogo. Jina ni la barabara halisi huko Michigan, Marekani. Mtu mmoja anafika porini na mzigo wake mgongoni, anajenga kibanda, wengine wanamfuata, linakuja kanisa, zinakuja shule, sheria, migodi, treni na malori, kisha kazi zinaisha na mtu aliyezaliwa pale anabaki na madeni na foleni ya magari. Baba yangu alifanya kazi kiwandani kwa miaka 19. Siku kilipofungwa alirudi na ovaroli yake ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko wa karatasi, akaitundika msumarini nyuma ya mlango wa jikoni, na ikakaa pale mpaka alipofariki. Wimbo ule nilikuwa nimeusikia mara nyingi kabla ya siku hiyo. Baada yake niliacha kuhesabu dakika.

Halafu turudi kwenye albamu inayokuchosha. Umesema nyimbo tatu za kwanza. Je, ulifika wimbo wa mwisho, unaobeba jina la albamu? Uliandikwa katika kipindi cha vita vya visiwa vya Falkland, mwaka 1982, na anayezungumza ni askari anayekufa mbali na kwao, milimani, akiwaaga wenzake. Umetaja baba mdogo aliyerudi Kagera na maneno machache. Sijui Kiingereza chake kilikuwa cha kiasi gani, na si kazi yangu kudhani. Ninachosema ni kwamba unaihukumu albamu ya nyimbo tisa kwa nyimbo zake tatu za kuuzia.

DerevaWaKimandolu amejibu:

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mdogo kuliko ninyi wote, naendesha watalii kutoka Arusha, na Dire Straits nimeijua kwenye gari ya kazi, si kwenye kaseti. Nimeingia kwa sababu moja tu: naona On Every Street inazikwa hapa bila hata mtu kuitetea.

Mzee MwanaKiboriloni, uliifikia ukiwa umeendesha zaidi ya saa nne na umeshiba wali wa Mombo. Hakuna albamu inayoweza kushinda mazingira hayo. Ndiyo hasara ya kusikiliza kwa mfuatano, wa mwisho anamkuta msikilizaji amekwisha. Mimi niliianza hiyo kabla ya nyingine zote, kwa kuwa mgeni mmoja aliniachia CD yake, na nikaizoea kwenye barabara ya kutoka Makuyuni kwenda Karatu, pale gari linapoanza kupanda ukuta wa bonde juu ya Mto wa Mbu. Ni albamu ya watu waliochoka, ndiyo, lakini wamechoka kwa heshima. Kuna gitaa la chuma la kuteleza la Paul Franklin, lile la muziki wa kantri, na nyie wazazi wetu mliotulea na Jim Reeves na Kenny Rogers kila Jumapili ndio mnaojua zaidi sauti ile. Mwaka mmoja kabla yake Knopfler alikuwa ametoa albamu pamoja na Chet Atkins, gwiji wa gitaa la kantri. Ukiisikiliza ya 1991 kama mwisho wa Dire Straits, inaonekana ndogo. Ukiisikiliza kama mwanzo wa yale anayoyafanya Knopfler peke yake hadi leo, inakaa mahali pake.

Namuunga mkono Mwalimu kuhusu wimbo wa mwisho wa ile ya 1985. Ila kuhusu zile ngoma zinazogonga kama bati, ongezeni hili: ngoma nyingi za albamu ile hakuzipiga mpiga ngoma wa bendi, Terry Williams, bali Omar Hakim, Mmarekani wa jazi aliyeletwa kazi ikiwa imeshaanza. Cha Williams kinachosikika waziwazi ni ule mpambo wa ngoma unaopanda mwanzoni mwa Money for Nothing. Kwa hiyo ukihisi kwamba si watu walewale wa 1978, sikio lako halijakosea. Katika wanne walioanza, waliobaki walikuwa wawili tu, Knopfler na John Illsley wa besi. David, mdogo wake Knopfler, aliondoka 1980 wakati Making Movies ikirekodiwa, na Pick Withers wa ngoma aliondoka baada ya Love over Gold.

MwanaKiboriloni ameandika:

Nawashukuru wote. Dereva, marahaba, kijana wangu, na wali ulikuwa na maharage pia, kwa hiyo utetezi wako umekubaliwa. Nitaisikiliza On Every Street asubuhi, tumbo tupu.

Mwalimu, nilifika wimbo wa mwisho. Sikuutaja kwa sababu sikuchoka nao, na nikaona ungeharibu malalamiko yangu. Baba mdogo hakujua Kiingereza cha kuelewa nyimbo. Alikuwa akiniambia nisogeze utepe mpaka pale, upande wa pili, mwishoni, na mimi nikiuzungushia kaseti kwenye kalamu ya Bic ili betri zisiishe, nikikadiria kwa unene wa utepe uliobaki. Alikuwa akiusikiliza amesimama mlangoni, anatazama migomba. Ukiisha anaondoka bila kusema neno. Telegraph Road nimeirudia jana usiku sebuleni, na mke wangu akiwa macho.

Fundi, nimekwenda nyumbani Jumamosi. Kaseti nimeikuta kwenye boksi la vitabu, ina vumbi lakini utepe haujakatika. Redio ya shemeji yangu bado inacheza, ingawa inaburuza kidogo. Nikaweka upande wa kwanza nikakaa na saa. Why Worry iliisha kama ninavyoikumbuka, sauti ikazama taratibu, dakika ya 25 ilikuwa imepita. Enzi zile hapo ndipo tulipokuwa tukibonyeza na kugeuza upande mara moja, kwa hofu ya betri. Safari hii sikubonyeza.

Kukawa kimya kwa sekunde kama kumi, pakasikika mlio wa kitufe, halafu wakaingia watu wakiimba kwa Kichaga, katikati ya ubeti. Ni kwaya ya usharika wetu. Wanaendelea mpaka utepe unapoishia, dakika nne na kitu, kama ulivyopiga hesabu. Kaseti ilikuwa ya mama. Baba mdogo aliziba vile vitundu viwili vya juu kwa karatasi ili iweze kurekodiwa tena, na karatasi yenyewe bado imo, imekunjwa, ya gazeti.

Mama ana miaka 84. Nilimsikilizisha. Akataja waimbaji watatu kwa sauti zao, kisha akauliza, «Hii si ndiyo kaseti yangu niliyomsingizia dada wa kazi?»

Fundi, nahitaji mkanda mpya wa mpira wa kuzungusha ile redio kabla haijaila kaseti, na mtu wa kunihamishia hizo dakika nne kwenye simu. Nikuletee lini?

FundiWaPasua amejibu:

Lete Jumanne baada ya saa nne. Usiicheze tena hadi hapo, na usiisogeze kwa redio. Tumia kalamu.